Barua ya Mwalimu Aliyenizaa

Mama yangu ana kanuni za kuandika barua za mapendekezo, na amezibandika kwenye mlango wa ofisi ya walimu wa hisabati kwa mwandiko wake mwenyewe, utadhani tangazo la kukatika kwa maji. Hamwandikii mwanafunzi ambaye hajamfundisha mwaka mzima. Haandiki jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Hasaini barua iliyoandikwa na mtu mwingine. Hapokei zawadi, hata soda. Barua ikiwa tayari, anamsomea mwanafunzi mwenyewe kabla ya kuifunga kwenye bahasha, na mwanafunzi akiona pana uongo, au basi tu hakuipenda, ana ruhusa ya kuikataa. Ya mwisho kabisa, chini, kwa herufi zile zile: hamwandikii mtu mwenye undugu naye.

Hiyo ya mwisho ilinihusu mimi peke yangu. Shule nzima hakuna mwingine mwenye undugu naye, labda paka wa jikoni anayemfuata kila aendako. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, maana wakati huo sikuwa na haja ya barua ya mtu yeyote.

Na nisimnyime haki yake, kanuni zenyewe ni nzuri. Walimu wengine wa shule yetu ukiwaomba barua wanakwambia, "Kajiandikie, ulete nisaini." Mwalimu wa historia aliwahi kusaini barua inayosema mwanafunzi wake ni kiongozi wa kuzaliwa na nahodha wa timu tatu, na yule kijana hata mpira aliuogopa. Barua za namna hiyo vyuoni wanazisoma wakicheka. Ya Mama wanaisoma wakiwa wameketi sawasawa. Wanafunzi wanamwita Mizani, na kwa kuwa mimi ni mwanawe, wakanipa jina la Gramu. Sikulichukia jina hilo hata siku moja, mpaka mwaka huu.

Mwaka huu niliomba nafasi chuo cha uhandisi wa maji. Ndicho chuo pekee ninachokitaka, tangu nikiwa mdogo nachimba mifereji uani na kumjazia baba yangu maji barazani. Fomu yao ina karatasi ya kujazwa na mwalimu wa hisabati aliyekufundisha miaka miwili ya mwisho. Siyo mwalimu yeyote, ni huyo. Na wangu ni Mizani.

Nilimfuata ofisini wakati wa mapumziko. Shuleni namwita Mwalimu kama wenzangu, na yeye ananiita kwa namba ya kwenye orodha kama wenzangu.

"Mwalimu, naomba unijazie karatasi ya chuo."

Hakunyoosha mkono kuipokea. Alikuwa na kalamu nyekundu na rundo la madaftari mbele yake. "Umesoma mlangoni?"

"Nimesoma."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Wanataka mwalimu aliyenifundisha. Aliyenifundisha ni wewe."

"Mpelekee mwalimu mkuu, ajaze kwa niaba ya shule."

"Mwalimu mkuu hajui hata kama naweza kujumlisha."

"Ataangalia alama zako."

"Alama ulizoziweka wewe," nikasema, na hapo damu ikaanza kunichemka. "Miaka miwili unanisahihisha. Kunipima unaweza, ila kusema umepima nini, huwezi?"

Alifunga kalamu. Alisema kwa sauti yake ile ya darasani, ya polepole, kwamba amewanyima barua wanafunzi wengi, wengine watoto wa watu wakubwa, na wengine walitoka pale wakilia. Akiniandikia mimi, kila mmoja wao atasema Mizani alikuwa anamwekea mwanawe nafasi. "Sitaki jina langu liingie huko," akasema. "Rudi darasani."

Nilirudi darasani. Kipindi kilichofuata kilikuwa chake, na nilikaa pale nikimsikiliza akieleza mambo kwa utulivu kabisa, nikatamani kupasua dawati.

Nyumbani Baba alijaribu. Baba ni fundi cherehani, anafanyia kazi barazani, na hugombana na watu mara chache sana kwa sababu muda mwingi ana pini mdomoni. Siku hiyo alizitoa.

"Mama Gramu," akasema, "huyu umemzaa, umemlea, umemfundisha. Karatasi moja ndiyo imekushinda?"

"Baba Gramu, usiniingilie kazini. Mimi nimewahi kukufundisha kukata suruali?"

"Kila wiki."

Mimi sikucheka. Mama alitabasamu kidogo, na tabasamu lile likanichoma zaidi kuliko kule kukataa kwake ofisini, kwa sababu lilionyesha kwamba kwake jambo limekwisha.

Basi nikaenda kwa mwalimu mkuu. Ni mtu mwema, mnene, mwenye haraka, na aliijaza karatasi nikiwa nimesimama mbele yake, simu ikiwa katikati ya sikio na bega. "Mtiifu," akatamka huku akiandika. "Msafi. Hushiriki vyema usafi wa mazingira." Halafu akaniuliza, kwa nia njema kabisa, "Unapenda tuseme msafi, au nadhifu?" Nikamwambia yoyote, mkuu. Mimi naomba kusomea namna ya kufikisha maji kwenye nyumba za watu, na huyu ananisifia kufagia. Akaifunga, akapiga muhuri, akanipongeza.

Siku iliyofuata nilitumwa kupeleka madaftari ya darasa ofisi ya hisabati. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa anamsomea barua Kinanda, mwanafunzi mwenzangu, tunayemwita hivyo kwa sababu hawezi kupiga hesabu bila kuimba puani. Naye alikuwa anaomba chuo kile kile. Mama aliponiona alinionyesha kwa kidole pa kuweka madaftari, akaendelea kusoma. Angekuwa mwanafunzi mwingine angemwambia asubiri nje, lakini mimi kwake ofisini nilikuwa kama kiti.

Alisoma kwamba Kinanda ni mwepesi wa kuelewa na mzito wa kuandika. Kweli. Alisoma kwamba huchelewa asubuhi. Kweli kabisa. Kisha akasoma hivi: "Nililiona kwa macho yangu jambo moja ambalo sijaliona kwa mwanafunzi mwingine. Nilitoa swali la bomba kuu na nyumba mbili, ambalo darasa hulifanya kwa ukurasa mzima wa mahesabu. Yeye alilimaliza ubaoni kwa mistari miwili."

Niliyashika yale madaftari nikashindwa kuyaweka chini.

Swali lenyewe ni hili. Bomba kuu limepita moja kwa moja. Nyumba mbili ziko upande mmoja wa bomba, moja karibu, moja mbali. Unatakiwa kutoboa bomba mahali pamoja tu, upeleke maji nyumba zote mbili. Utoboe wapi ili mabomba yawe mafupi kabisa? Tulilikuta kwenye mitihani ya zamani, nikalihangaikia barazani siku nyingi, Baba akikata kitambaa pembeni yangu. Alikikunja katikati, akakata upande mmoja, pande zote mbili zikatoka sawa. Nikachukua karatasi yangu nikaikunja kwenye mstari wa bomba. Nyumba moja ikahamia upande wa pili. Nikaziunganisha kwa mstari mmoja ulionyooka, na pale mstari ulipokatiza bomba ndipo pa kutoboa. Nilipiga kelele mpaka Baba akajichoma sindano. Kesho yake nikamwonyesha Kinanda nyuma ya maktaba, kwa sababu alikuwa rafiki yangu na alikuwa amekwama. Siku Mama alipolitoa darasani, mimi nilikuwa nimelazwa na homa. Kinanda akaenda ubaoni.

Kinanda alikuwa ameinamisha kichwa anakagua viatu vyake. Mama akamaliza kusoma, akamuuliza kama anavyowauliza wote: "Pana jambo lisilo la kweli?"

Kinanda akainama zaidi.

"Lipo, Mwalimu," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na mwalimu wa meza ya jirani akaacha kunywa chai. "Samahani, najua sijaulizwa. Kinanda, sema. Nani alikuonyesha ile njia?"

"Toka nje," Mama akaniambia.

"Nitatoka. Aseme kwanza."

Kinanda hakuinua macho. Lakini alisema, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Ni Gramu. Alikunja karatasi. Nyuma ya maktaba."

Mama aliitazama barua yake. Mwanamke anayeandika alichokiona kwa macho yake tu, na alichokiona kwa macho yake kilikuwa uongo. Alichukua kalamu nyekundu akapiga mstari juu ya sentensi zile, taratibu, moja baada ya nyingine. Akamwambia Kinanda ataiandika upya bila hizo, aje tena baada ya vipindi. Kinanda akatoka karibu akimbie.

"Sasa hilo utaliandika wapi?" nikamuuliza.

"Lipi?"

"Ulilosema hujaliona kwa mwanafunzi mwingine. Umelifuta kwake. Utaliandika wapi?"

Alifikiri, namjua, alifikiri kwa uaminifu wote. Kisha akasema, "Haliwezi kuandikwa popote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni lako."

Nisiwafiche, nilitamani kumtupia yale madaftari. Sijawahi kuwa na hasira ya namna ile, hasira inayokufanya usikie masikio yako mwenyewe. Likiwa la Kinanda, linafaa kuandikwa na kugongwa muhuri. Likiwa langu, linafutwa kwa wino mwekundu kana kwamba halijatokea. Niliyaweka madaftari mezani kwake kwa kishindo nikaondoka bila ruhusa.

Nyumbani sikuzungumza naye. Nilimjibu Baba tu, na Mama nilimjibu kupitia kwa Baba, mpaka Baba akachoka kuwa posta.

"Mwambie," akamwambia Mama wakati tunatoa vyombo mezani. "Mwambie kuhusu mwalimu wa mkondo wa pili. Usipomwambia wewe namwambia mimi."

Shule yetu darasa la mwisho lina mikondo miwili, na kila mkondo una mwalimu wake wa hisabati. Mama alikaa kwenye kiti. Alisema kwamba miaka miwili iliyopita, kabla masomo hayajaanza, mwenzake wa mkondo wa pili alimfuata. Alimwambia, mwanao yuko kwako, na kwa kanuni zako mwisho wa safari hutaweza kumwandikia. Tubadilishane, nimchukue mimi.

"Ukasemaje?" nikamuuliza. Hilo lilikuwa swali langu la kwanza kwake tangu nitoke ofisini kwake.

"Nilikataa."

"Kwa nini?"

Alikuwa anakusanya makombo ya mezani kwa kiganja. "Nilitaka nikufundishe mwenyewe. Nilikuwa nakuona unavyokua, nikasema jambo hilo siwezi kumwachia mtu mwingine. Nilijua siku hii itafika. Nikajiambia nitaona huko mbele."

Pengine nilipaswa kulainika. Sikulainika hata kidogo. Nilimwambia kwamba raha aliichukua yeye na mimi ndiye ninayeilipa. Nilimwambia kanuni yake haimlindi mwanafunzi yeyote, inamlinda yeye asisemwe. Nilimwambia hata wale watoto wa wakubwa aliowanyima barua walikuwa na mwalimu mwingine wa kumkimbilia. Baba alisema, "Mwanangu, taratibu," nikamwambia yeye pia anyamaze, jambo ambalo sijawahi kulisema maishani na ambalo niliomba radhi baadaye. Kwa Mama sikuomba.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi nilikwenda chuoni mwenyewe. Ofisi ya udahili ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha la kioo, foleni ya waombaji na wazazi wao, na karani mmoja mwenye koti la sufi ingawa kulikuwa na joto. Alifungua bahasha yangu, akageuza karatasi, akaigeuza tena.

"Dada, hii haijakamilika. Mkuu wenu amejaza ukurasa wa mbele tu. Nyuma ni kwa mwalimu wa somo, na hajagusa." Akanirudishia. "Tunafunga saa kumi. Ukikosa, ni mwaka ujao."

Niligeuza karatasi. Nilikuwa sijawahi kuusoma ukurasa ule, maana ulikuwa wa mwalimu, nami nimelelewa na Mizani, sifunui kisicho changu. Swali la kwanza kabisa, juu, liliandikwa hivi: Je, una undugu na mwombaji? Kama ndiyo, eleza, kisha endelea kujaza.

Kisha endelea kujaza.

Walijua. Walijua kwamba kuna watu wanaofundisha watoto wao, wakaacha nafasi ya kulisema na mistari ya kuendelea. Hawakukataza, walitaka kuambiwa tu. Na yeye hakunyoosha hata mkono kuipokea karatasi, kwa hiyo hakuona. Nilisoma pale kwenye foleni mara kadhaa, machozi yananitoka kwa hasira, na mama mmoja nyuma yangu akanipa kitambaa akidhani nimefiwa.

Nilipiga simu shuleni. Katibu alipopokea nikamwambia amtoe mwalimu wa hisabati darasani, amwambie mwanawe ameumia chuoni, aje sasa hivi. Nikakata kabla hajaniuliza.

Alikuja kwa pikipiki, yeye ambaye hupita upande wa pili wa barabara akiona pikipiki. Aliingia anahema, vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, mtandio umeteleza. Akanishika mabega, akanishika uso.

"Umeumia wapi?"

"Hapa," nikasema, nikaweka kidole kwenye lile swali.

Alisoma. Akasoma tena. Nilimwona akielewa, kwa sababu miaka miwili nimeutazama uso huo ukingoja mwanafunzi afike kwenye jibu, na safari hii ulikuwa unalifikia jibu wenyewe. Hakusema kwamba nimemdanganya, ingawa nilikuwa nimemdanganya. Alimwomba karani kalamu.

Karani akaangalia saa ya ukutani. "Mama, fanya haraka basi."

Aliandika amesimama, karatasi juu ya ukingo wa dirisha, watu wa foleni wakipita pembeni yake. Kwa mtu mwenye mwandiko wa ubaoni, alikuwa anaandika vibaya. Karani alianza kukusanya mafaili. Foleni ikabaki watu wachache, nao hawakuondoka hata walipohudumiwa, walisimama kutazama. Alipomaliza akageuka kwangu. Nilijua atafanya nini. Hata pale, na dakika zimekwisha, hawezi kuitoa bila kumsomea mwanafunzi.

"Mimi ni mama yake mzazi," akasoma, kwa sauti ya chini. "Nimemfundisha hisabati miaka miwili. Nilikataa kujaza karatasi hii kwa sababu niliogopa watu watanisema. Yeye hakuwa na kosa." Akasogeza kidole mstari wa chini. "Ana hasira za haraka, na huruka hatua anapoandika majibu. Swali la bomba kuu na nyumba mbili alilitatua kwa kukunja karatasi. Sikuwepo alipogundua. Nimefundisha hisabati maisha yangu yote na njia hiyo niliifahamu kutoka kwenye kitabu. Yeye hakuitoa kwenye kitabu." Kulikuwa na mengine, ya alama na mahudhurio. Akafika mwisho, akaniuliza, "Pana jambo lisilo la kweli?"

"Hapana."

"Unaikubali?"

"Rudia pale mwanzo," nikasema. "Pale pa kuogopa. Kwa sauti."

Karani alisema, "Dada, jamani, muda." Mama hakumtazama. Alinyoosha mgongo kama anavyosimama mbele ya darasa, akasoma tena, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, kwamba alikataa kwa sababu aliogopa watu watamsema, na kwamba mimi sikuwa na kosa. Wote walisikia. Yule mama wa kitambaa alitazama chini. Karani akaichukua karatasi, akaigonga muhuri, akavuta pazia.

Nafasi niliipata, na Kinanda akaipata, msihangaike. Na maneno yalisemwa vile vile alivyoogopa. Kwenye ofisi ya walimu walisema Mizani kumbe naye anainama panapokuwa na mwanawe, na wazazi wa wale aliowanyima barua walisema zaidi ya hayo. Lakini siku ile hatukuyajua hayo.

Siku ile tulitoka nje, tukakuta benchi la saruji kando ya ukuta. Mama alijipangusa uso, chaki ikazidi kuenea. Aliniuliza kama bado nina hasira.

"Ndiyo."

"Nyingi?"

"Nyingi sana."

Akasema basi tukae hapo mpaka ipungue, ndipo twende nyumbani. Tukakaa. Lango likafungwa, mlinzi akaja kutuuliza kama tunamsubiri mtu, Mama akamwambia ndiyo. Haikupungua. Lakini alikaa nayo, pembeni yangu, bila kuniambia niiache.